Sijawahi kuulizwa: maoni yangu yana uzito gani kwenye siasa za nje?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa miaka 47, nauza mahindi na vitunguu Soko la Mbuyuni hapa Moshi, na msimu ukiwa mzuri napeleka Taveta, Kenya, kupitia mpaka wa Holili. Mwanangu anayesoma chuo alinionyesha kwenye simu matokeo ya utafiti: eti Watanzania wanaiona China hivi, Marekani hivi, Jumuiya ya Afrika Mashariki hivi. Umri huu wote sijawahi kuulizwa, wala simjui mtu aliyewahi kuulizwa. Wiki mbili zilizopita kijana mwenye kishikwambi alipita mtaani kwetu Pasua, akagonga kwangu. Aliponiambia maswali yake ni ya nchi za nje nikamjibu mwenye nyumba hayupo, akasema atarudi. Mume wangu anasema nilifanya vizuri, mambo ya nje ni ya wakubwa, na ukijibu vibaya unajitafutia matatizo. Lakini moyo haujatulia. Mwaka 2021 Kenya walipozuia mahindi yetu, gunia zangu 60 zilikaa kwenye lori na hakuna mkubwa aliyekuja kuniuliza. Je, hizo namba ni za kweli? Zinafika popote? Na huyo kijana akirudi, nimjibu?"*

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza maswali matatu, lakini nikiyasoma kwa pamoja nasikia moja limejificha chini yake: kwenye mambo ya nchi na nchi, mimi mama wa Mbuyuni ni mtu au si mtu? Nimefanya kazi ya kukusanya maoni ya wananchi kwa miaka mingi, nyingi kati ya hiyo katika mikoa hii miwili ya Kilimanjaro na Arusha, na swali hilo nimelikuta karibu kila mlango niliogonga. Nitalijibu, ila tuanze na namba, kwa sababu ukishaelewa namba inavyopatikana utajua mwenyewe lini uiamini na lini uiache.

Wewe ni mfanyabiashara wa mahindi, kwa hiyo bambo, kile chuma cha kuchoma gunia na kutoa punje za kukagua, unalijua kuliko mimi. Mnunuzi akija kuchukua gunia mia, hamwagi gunia mia chini. Anachoma bambo gunia hili, anaruka, anachoma lile, analiingiza juu, katikati na chini, na kile kidogo kinachomwagika kiganjani kinamwambia mzigo wote una unyevu gani, una wadudu au hauna. Unajua pia mnunuzi mjinga anavyoliwa: anachoma mdomoni tu, mahali ambapo muuzaji mjanja amepanga mahindi meupe. Kosa lake hapo si uchache wa punje alizotoa, ni kuchomea mahali alipoelekezwa.

Utafiti wa maoni ni bambo. Ule unaotajwa zaidi Afrika, Afrobarometer, ambao umekuwa ukifanyika hapa kwetu tangu mwaka 2001, kwa kawaida huhoji watu 2,400 Tanzania. Hawaokotwi stendi wala hawapigi kura kwenye simu. Nchi hugawanywa katika maeneo ya kuhesabia watu, yale yale ya sensa, kisha yanachaguliwa 300 kwa bahati nasibu, kila mkoa kwa kadiri ya watu wake, mjini na kijijini. Kila eneo wanahojiwa watu wanane, mwanamume kisha mwanamke kwa zamu. Ndani ya nyumba pia mhojiwa anachaguliwa kwa bahati, si baba mwenye nyumba kwa sababu ni baba. Kwa utaratibu huo, tofauti kati ya jibu la hao 2,400 na jibu ambalo taifa zima la watu wazima lingetoa kama lingeulizwa haizidi sana pointi mbili za asilimia juu au chini. Watu wengi hudhani nchi ikiwa kubwa lazima waulizwe wengi zaidi. Sivyo. Bambo linalotosha kwa lori linatosha kwa ghala, mradi limechomwa kila upande.

Ndiyo maana hujawahi kuulizwa. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120. Ukiwaondoa watoto, nafasi ya mtu mzima mmoja kuangukiwa na duru moja ya utafiti kama huo haifiki moja kati ya elfu kumi. Kutoulizwa kwako si dalili kwamba namba zimepikwa.

Lakini hapa naomba usimame nami kidogo, kwa sababu kuna kosa ambalo hata waandishi wa habari hulifanya. Mkoa wetu wa Kilimanjaro ulihesabiwa watu 1,861,934. Katika sampuli ya 2,400, sehemu yetu ni watu kama 72. Kwa watu 72 ile tofauti ya pointi mbili inapanuka kupita kumi. Kwa hiyo mtu akikuonyesha utafiti wa taifa halafu akasema "watu wa Kilimanjaro wanaitaka China" au "watu wa Arusha wameichoka Jumuiya", mwambie akupe kwanza idadi ya waliohojiwa mkoani. Bambo la nchi haliwezi kumsemea mtu wa Pasua, wala wa Ngaramtoni kule Arusha.

Sasa nikuambie mahali ninapoogopa zaidi, kwa sababu hapo hesabu haikusaidii. Ni maneno ya swali, na hofu ya anayejibu.

Miaka ile nikiwa bado nashika dodoso mwenyewe, nilifika kwa bibi mmoja Uru, kwenye kihamba chake, shamba la ukoo la migomba. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi za mtori, maganda yanadondokea kwenye beseni la bluu lililotoboka. Nikamsomea swali la shirikisho la Afrika Mashariki kama lilivyoandikwa: anakubali sana, anakubali, anakataa, anakataa sana. Akasema anakubali. Nikaweka alama. Tulipomaliza, nikifunga mkoba, akaniuliza kama hilo shirikisho likija, mtu wa nje ataweza kununua kihamba cha jirani yake aliyekufa bila mtoto. Nikamwambia sijui, labda. Akaweka kisu chini akaniambia nifute lile jibu. Sikulifuta, kwa sababu kanuni haziruhusu kubadilisha jibu baada ya mazungumzo nje ya dodoso, na mpaka leo najua kwamba ndani ya asilimia ya wanaokubali yumo bibi mmoja wa Uru ambaye hakukubali. Alikubali ujirani na kukataa kupoteza ardhi. Swali letu lilikuwa na sanduku moja tu la kuwekea vyote viwili.

Kwa hiyo unaposoma kwamba Watanzania wanaipenda nchi fulani, nenda ukalitafute swali lenyewe. Je, waliulizwa nchi gani ni mfano mzuri wa maendeleo? Au ushawishi wake wa kiuchumi hapa ni mzuri au mbaya? Au tuwe upande wake akigombana na mwingine? Haya ni mambo matatu tofauti kabisa. Mtu anaweza kupenda barabara za Wachina, akataka mwanawe akasome Marekani, na asitake nchi yake iingie kwenye ugomvi wao hata kidogo. Mtu huyo hajajikanganya. Ni sisi tuliomuuliza kwa mafungu.

Halafu kuna hofu. Mwisho wa dodoso la Afrobarometer kuna swali ambalo wengi hawalijui: mhojiwa anaulizwa anadhani nani amemtuma huyu mtafiti. Katika nchi nyingi za Afrika, sehemu kubwa ya watu hujibu "serikali", ingawa wameshaambiwa mwanzoni kwamba si serikali. Anayedhani yupo mbele ya serikali hujibu kwa tahadhari. Na kuna wale wanaojibu "sijui" swali baada ya swali. Kwenye mambo ya nje hao huwa wengi zaidi miongoni mwa wanawake na watu wa vijijini. Wachambuzi husema hao hawana maoni. Mimi nimekaa nao jikoni. Maoni wanayo, tena makali. Kinachowafunga mdomo ni ile hisia kwamba swali si lao.

Wewe ulipomwambia kijana mwenye nyumba hayupo, hukubaki nje ya matokeo kama unavyofikiri. Nyumba isiyopatikana hubadilishwa na nyumba nyingine. Mama anayeshinda Mbuyuni tangu alfajiri anabadilishwa na mtu anayekutwa nyumbani saa nane mchana, naye huyo haijui Holili. Mtafiti mzuri hupambana na hilo kwa kurudi, na ndiyo sababu kijana wako alisema atarudi. Ni dalili njema kuhusu kazi yake.

Tuje kwenye hoja ya mumeo, kwamba mambo ya nje ni ya wakubwa. Simlaumu. Nusu ya anachosema ni kweli, na nitakuja kwenye nusu hiyo. Lakini kuna kisa kilichotokea hapa hapa kwetu ambacho kila nikikisimulia watu wanashangaa, utadhani kilitokea mbali.

Mwaka 2006 wakuu wa nchi za Jumuiya walikuwa na mpango wa kuharakisha shirikisho la kisiasa: rais mmoja wa Afrika Mashariki, ndani ya miaka michache. Wakakubaliana kwanza kila nchi iwaulize watu wake. Hapa Tanzania Rais Kikwete aliunda kamati chini ya Profesa Samuel Wangwe, ikazunguka nchi nzima, mikutano ya hadhara kwa mikutano ya hadhara. Jibu la Watanzania halikuwa "hatutaki majirani". Wengi walilikubali wazo la shirikisho lenyewe. Walichokataa, na waliokataa walikuwa karibu robo tatu, ni haraka. Kenya na Uganda waliounga mkono haraka hiyo walikuwa wengi. Ikabidi wakuu wa nchi wakutane Arusha, Agosti 2007, na huko safari ya haraka ikaishia: tuimarishe kwanza umoja wa forodha, soko la pamoja na sarafu, ndipo shirikisho.

Fikiria hapo. Viongozi walilitaka jambo, Arusha imejaa bendera, na kilichowasimamisha ni watu waliosimama kwenye viwanja vya shule na kusema ardhi yetu je, ajira zetu je. Na haikuishia hapo. Miaka miwili baadaye, tarehe 20 Novemba 2009, Itifaki ya Soko la Pamoja ilipotiwa saini Arusha, mtaji, huduma na wafanyakazi viliruhusiwa kuvuka mpaka kwa masharti, lakini suala la kupata na kutumia ardhi likaachwa kwenye sera na sheria za kila nchi. Liko kwenye Ibara ya 15. Nikiisoma ibara hiyo namwona bibi yangu wa Uru na beseni lake la bluu.

Sasa ile nusu ya kweli ya mumeo. Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuhusu uvamizi wa Urusi nchini Ukraine. Nchi 141 zililaani, tano zikapinga azimio hilo, 35 hazikuelemea upande wowote. Tanzania ilikuwa kati ya hizo 35. Kenya, jirani yetu wa hapo Taveta, ilikuwa kati ya zile 141. Hakuna kamati iliyozunguka mikoani kutuuliza kabla ya kura ile, wala haikutarajiwa. Kura hiyo ilifuata mazoea ya nchi ya kutofungamana na upande wowote, yenye mizizi tangu enzi za Mwalimu Nyerere. Hata hivyo vita ile ilifika Mbuyuni. Ilikuja na bei ya mafuta ya kula, na mbolea, na dizeli ya lori linalokupelekea mzigo Holili, hadi Juni mwaka huo serikali ikaanza kuweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwenye mafuta ya petroli na dizeli.

Kwa nini kwenye shirikisho wananchi walisikilizwa na kwenye kura ya New York hawakuulizwa? Nimelifikiria hili muda mrefu. Jambo la kwanza ni kwamba ardhi inaguswa na mkono. Mtu hahitaji kusoma gazeti ili ajue kihamba ni nini. Kura ya Umoja wa Mataifa haina harufu, haina uzito, na inapigwa mbali na macho yetu. La pili, kwenye shirikisho serikali ilihitaji watu, kwa sababu jambo hilo haliwezi kutekelezwa bila wao. Kwenye kura ya Baraza Kuu kinachohitajika ni balozi na kitufe. La tatu, wakubwa wenyewe hawakuwa na kauli moja kuhusu shirikisho, na wakubwa wakigawanyika ndipo sauti ya chini inapopata nafasi ya kupita. Wakiwa na kauli moja, mara nyingi ni wao wanaotengeneza maoni yetu, si sisi tunaotengeneza sera yao. Redio inasema, sisi tunarudia, halafu mtafiti anakuja kutuuliza na sisi tunamrudishia ya redio.

Picha inayonikaa kichwani ni ya mifereji yetu ya mlimani, mifongo. Maji ni sera, na serikali ndiyo inayoyafungulia na kuyafunga. Maoni ya watu ni kingo. Kingo hazisukumi maji, ila zinayaambia mahali yasipoweza kupita. Ndiyo maana mtu anayetafuta siku ambayo utafiti ulitoka leo na sera ikabadilika kesho hataiona, na atadhani maoni ni kelele tu.

Tena sisi watu wa kaskazini tuna sababu ya ziada ya kutosema mambo ya nje ni ya wakubwa. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili walowezi wafuge ng'ombe wao. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na hao wakulima walilijua hilo. Walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York pamoja na wakili Earle Seaton, akasimama mbele ya Baraza la Udhamini. Ilipofika Baraza Kuu, azimio la kuwatetea halikupata theluthi mbili ya kura. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule. Sitakudanganya kwamba walishinda. Lakini Kirilo aliporudi alizunguka akiwasimulia watu alichokiona, na simulizi hiyo ikawa kuni katika moto wa kudai uhuru. Hakuwa mkubwa. Alikuwa mtu wa Meru aliyetumwa na wenzake.

Niseme jambo moja ambalo wenzangu wa fani hii hawapendi kulisema: maoni ya wananchi si lazima yawe sahihi, na yakisikilizwa vibaya yanaweza kukuumiza wewe. Julai 2025 serikali yetu ilitoa amri ya kuzuia wasio raia kufanya biashara 15 ndogondogo, kuanzia uwakala wa fedha kwa simu hadi ununuzi wa mazao shambani. Amri ile ilitokana na malalamiko ya kweli ya wafanyabiashara wa hapa, hasa Kariakoo. Nawaelewa. Ila upande wa pili wa mpaka wapo Wakenya wenye maduka na saluni huku, na ndugu zao wenye hasira kule, na hasira hiyo ikipanda inatafuta lori la Mtanzania. Tulishaonja mwaka 2017, mifugo ya Wamasai wa Kenya ilipopigwa mnada huku na vifaranga 6,400 vikachomwa Namanga. Kwa miezi ile maneno ya mpakani yalikuwa machungu. Wewe unayeuza Taveta unaishi kwa maoni ya nchi mbili, si moja. Ukitoa maoni yako kuhusu majirani, yatoe kama mtu anayejua hivyo, kwa sababu mtu wa mjini asiyevuka mpaka hajui.

Na yale mahindi yako ya 2021. Pole sana. Gunia 60 ni mtaji wa mwaka. Zuio lilitangazwa tarehe 5 Machi kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, na ndani ya siku chache, baada ya kelele za pande zote mbili, likaondolewa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti, sumukuvu isizidi sehemu kumi kwa bilioni. Hapo namba ya utafiti wa maoni isingekusaidia lolote. Mtu ambaye mzigo wake umekwama leo hahitaji kuhojiwa, anahitaji mlango wa kugonga, na nadhani hili ndilo lililokuumiza zaidi: hukujua mlango.

Mlango wa kwanza ni Holili kwenyewe, kwenye kituo cha pamoja cha mpakani, ambako kuna maofisa wa forodha. Waulize kuhusu cheti cha uasili kilichorahisishwa, kinachotumika kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Wengi hawakijui, wanawapa madalali hela ya bure. Pima unyevu kabla ya kupakia. Kiwango cha Afrika Mashariki ni asilimia 13.5, na mahindi yakizidi hapo ndipo sumukuvu inapopata nyumba. Ukizuiwa bila sababu iliyoandikwa, omba iandikwe, na tarehe iwepo. Nenda na karatasi hiyo kwenye chemba ya wafanyabiashara ya mkoa, kwa sababu malalamiko ya watu ishirini yenye tarehe hufika kwenye meza ya mazungumzo ya nchi na nchi, ilhali simulizi la mtu mmoja huishia sokoni.

Na kuna mlango mzito zaidi, saa moja na nusu au mbili kutoka hapo ulipo. Mahakama ya Afrika Mashariki iko Arusha, na Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya inamruhusu mtu yeyote mkazi wa nchi mwanachama kupeleka shauri akiona kitendo cha nchi mwanachama kimevunja Mkataba. Shida ni muda: miezi miwili tu tangu kitendo kitokee au tangu ulipokijua. Watu wengi hufika kwa wakili mwezi wa sita wakiwa na haki yote duniani, na mlango umeshafungwa. Kwa hiyo hasara kubwa ikitokea tena usisubiri ushauri wa kuandikiana kama huu. Nenda kwa wakili ana kwa ana wiki hiyo hiyo, na risiti zako, na namba ya lori. Kwa tukio la 2021 muda huo umepita.

Sasa kijana wa kishikwambi. Kwanza, kukataa ni haki yako. Anapaswa kukuambia hivyo mwenyewe kabla ya swali la kwanza, na unaweza kuruka swali lolote au kusimama katikati. Pili, hofu ya mumeo usiipuuze, ipe kazi: muulize kijana kitambulisho, barua ya taasisi yake, na kama mtendaji wa mtaa wenu ana taarifa. Utafiti halali hupita kwa mtendaji kabla ya kugonga mlango wa mtu. Mpigie mtendaji, ni simu ya dakika moja. Tatu, mtafiti wa maoni hana haja na namba yako ya NIDA, wala ya kadi ya mpiga kura, wala picha ya kitambulisho, na namba ya siri ya simu ndiyo kabisa. Akiomba kimojawapo mwaga chai yake na umsindikize mlangoni. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kuna hata tume ya kupokea malalamiko ya namna hiyo. Na kama baada ya kujibu mtu atakuja kukutisha, hilo si la kunywea maji ukalala. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa msaada wa kisheria siku hiyo hiyo, na mtu wa kukushuhudia.

Barua zikiwa sawa, mimi ningemjibu. Ningemjibu kama mfanyabiashara wa mpakani. Akikuuliza kuhusu Jumuiya, usimpe jibu unalodhani analitaka, wala usimpe la redio. Swali ambalo hulijui, sema hulijui. "Sijui" ya kweli ina faida kuliko "nakubali sana" ya kumaliza haraka. Swali lenye mambo mawili ndani yake, mwambie lina mambo mawili, umsikie atakavyolisoma tena. Wengine watakasirika kidogo. Waliofundishwa vizuri wataandika pembeni.

Na umwambie asije saa nane mchana. Aje Jumapili mkishatoka ibadani, au jioni ukishafunga Mbuyuni. Mumeo akitaka kusikiliza, mpe kiti cha mbali kidogo, kwa sababu kanuni inataka ujibu wewe mwenyewe, bila mtu wa kukusaidia.